Kibali cha Kujenga Baraza la Mbao Nyuma ya Nyumba Nchini Marekani

Mwenye nyumba nchini Marekani anayetaka kuongeza baraza la mbao kwenye mlango wa nyuma, lile ambalo wenyeji huliita deki, aanzie kwenye idara ya majengo ya mji au kaunti yake kabla hajanunua hata ubao mmoja. Kila mji una masharti yake, ingawa mingi hufuata kanuni ya nyumba za makazi inayojulikana kwa kifupi kama IRC. Kanuni hiyo inalisamehe kibali baraza lisilozidi futi za mraba 200, lisiloinuka zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini, lisiloshikamana na nyumba, na lisilohudumia mlango mkuu wa kutokea. Masharti hayo hutakiwa yatimie yote kwa pamoja, na ipo miji inayodai kibali hata yakitimia, kwa hiyo ni lazima kuuliza.

Maombi huambatana na ramani ya kiwanja inayoonyesha nyumba, baraza na umbali wake hadi kwenye mipaka, pamoja na mchoro unaotaja ukubwa wa boriti, nafasi kati ya nguzo na kina cha msingi. Kama mtaa una chama cha wenye nyumba, idhini yake huombwa kando, kwani kibali cha mji hakiifuti.

Mkaguzi hutazama zaidi sehemu mbili, na hizo ndizo ninazomsihi msomaji asizifanyie haraka. Ya kwanza ni msingi. Maji yaliyomo ardhini yakiganda huvimba na kuinua nguzo, na ndiyo maana msingi hushuka chini ya kina ambacho udongo huganda. Minneapolis, kwa mfano, kina hicho ni inchi 42, yaani zaidi ya mita moja. Kabla ya kuchimba, piga 811 siku kadhaa mapema ili mabomba na nyaya za chini ziwekewe alama, huduma ambayo hailipiwi. Mashimo yakishachimbwa, yaache wazi hadi mkaguzi aje na futi yake apime, kwa sababu ukishamwaga zege hakuna anayeweza kuona kilicho chini, na unaweza kuamriwa kufukua.

Ya pili ni ubao unaounganisha baraza na ukuta wa nyumba. Misumari peke yake haikubaliki hapo: uzito wa watu huivuta polepole, maji huingia nyuma ya ubao na kuuozesha, na siku ya sherehe, watu wamejaa, baraza lote hung'oka ukutani. Hutumiwa bolti au skrubu nene zilizopangwa kwa vipimo vya kanuni, na bati la kuzuia maji huwekwa juu ya ubao huo.

Baraza likizidi inchi 30 kwenda juu, huwekewa kizuizi cha pembeni chenye kimo cha inchi 36 au zaidi, na mianya yake isipitishe mpira wa inchi 4, ili kichwa cha mtoto mchanga kisipenye.

Fundi akikuambia uchukue kibali kwa jina lako ilhali kazi ni yake, mwulize sababu, maana anayekichukua ndiye anayewajibika. Kazi ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na uitunze karatasi yake pamoja na hati za nyumba. Mnunuzi ataiulizia siku utakapouza.