Kipengele kimeondolewa kwenye programu huria: namna ya kukidai kirudi

Chukua mfano wa mkusanyaji takwimu wa Kojani, kisiwa kilicho kando ya Pemba. Anajaza fomu kwenye simu na kuzihifadhi ndani ya memori kadi. Kadi inavuka kwa mashua, inapanda gari hadi Chake Chake, kwa sababu bando la kutuma kila siku halimudu. Programu inasasishwa, kitufe cha kuhifadhi kwenye kadi hakipo tena. Kwa kuwa programu ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, kuna la kufanya.

Kwanza hakikisha kipengele kimeondolewa kweli. Mwaka 2021 kivinjari cha Firefox 89 kiliuficha mwonekano uliobanwa, lakini ulipatikana kwa kuandika about:config kwenye sehemu ya anwani na kuweka browser.compactmode.show iwe true. Angalia pia nani aliyekiondoa. Mwaka 2024, katika toleo linaloendelea kutengenezwa la Debian, mfumo wa aina ya Linux, programu ya kutunza nywila ya KeePassXC ilikutwa imepungua vipengele. Waliovitoa ni watayarishaji wa kifurushi cha Debian, si mradi wenyewe, na vyote vilikuwamo katika kifurushi cha keepassxc-full. Aliyewalalamikia waandishi wa programu alibisha hodi nyumba siyo.

Kisha tafuta badiliko lililokiondoa. Nakili hazina yote ya msimbo kwa git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, mara moja, mahali penye Wi-Fi. Usitumie --depth 1 kwa kubana bando: inakata historia, na utafutaji hautaona kitu. Ndani ya folda andika:

git log -S'jina_la_kazi' --oneline

Weka jina la kazi (function, kipande cha msimbo kinachotenda jambo hilo) kama lilivyokuwa ndani ya msimbo wa zamani. Mstari wa juu kabisa mara nyingi ndio uliofuta. Ufungue kwa git show na namba yake, usome maelezo na mjadala uliotajwa humo.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa kuwa sababu ya kuondoa ndiyo inayopanga hoja yako. Kama hapakuwa na mtu wa kukitunza, ombi lisilo na mtunzaji ni kurudisha mzigo ule ule kwa mabega yale yale. Tafuta kijana wa chuo anayejua lugha ya programu hiyo, mje pamoja. Kama kilitegemea kitu kilichokufa, mfano lugha ya programu ya Python 2 iliyoachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, kurudisha msimbo wa zamani hakusaidii, lazima uandikwe upya. Kama ni usalama, usiombe njia ile ile: omba faili lifungwe kwa nywila kabla ya kuwekwa kwenye kadi.

Na kama walisema “wanaokitumia ni wachache”, uliza walihesabu vipi. Takwimu za matumizi hutumwa kwa mtandao, na anayefanya kazi bila mtandao haonekani humo. Hoja hii ni nzito na wa visiwani tunayo haki ya kuisema. Ithibitishe kwa watu: wapate kumi wa Wete, Micheweni na Unguja, kila mmoja aeleze kazi yake kwa maneno yake. Maandishi ya kunakiliana huonekana upesi na huharibu yote.

Sasa tiketi, yaani ombi linaloandikwa kwenye ukurasa wa mradi. Tafuta kama ipo. Ikiwepo, weka alama ya kidole gumba na uongeze maelezo mapya tu. Ikiwa hakuna, fungua moja yenye ombi moja. Eleza kazi, sio kitufe: toleo la mwisho lililokuwa nacho, la kwanza lisilo nacho, aina ya simu, hatua kwa hatua, na njia mbadala ulizojaribu na zilipokwama. Miradi mingi huandikiana Kiingereza. Sentensi fupi zinatosha. Programu ya Linux ianzishe kwa LC_ALL=C mbele ya jina lake, ujumbe wa makosa utoke kwa Kiingereza na wao waweze kuutafuta.

Toa pia njia nyepesi: kipengele kiwe kimezimwa hadi mtu akiwashe, au kiwe programu-jalizi, kiongezo kinachowekwa kando. Aikoni za eneo-kazi zilitolewa katika GNOME 3.28, eneo-kazi la Linux, mwaka 2018, zikarudi kama programu-jalizi.

Mwenye ujuzi ajaribu git revert, amri ya kutengua badiliko, na namba ya badiliko hilo. Ikipita miezi mingi itagongana na msimbo mpya, kwa hiyo usichelewe. Angalia na kalenda: GNOME hutoa toleo kila miezi 6, na wiki za mwisho hawapokei vipengele vipya.

Ngoja wiki tatu, kumbusha mara moja. Huenda ukangoja sana: Firefox ya Android ilipunguza viongezo Agosti 2020. Ikavifungulia tena kwa upana Desemba 2023. Ukisubiri kwa kubaki na toleo la zamani, liwe la kazi isiyogusa mtandao, maana matundu yake ya usalama hayazibwi.

Kikikubaliwa, ongezeni jaribio la kiotomatiki linalohifadhi fomu moja na kuifungua tena. Atakayekifuta siku nyingine litamkatalia papo hapo, kabla toleo halijafika Kojani.