Jinsi ya kumwombea ndugu yako kifungo cha nje Kisumu

Kifungo cha nje ni adhabu ambayo mtu huitumikia bila kukaa jela, kwa mfano huduma kwa jamii. Mwongozo huu ni wa familia ambayo mtu wao amekubali mashtaka au amepatikana na hatia ya kosa dogo: kuiba simu, kupigana, kuvunja mali ya jirani. Kama ni mauaji au wizi wa mabavu, tafuteni wakili leo.

1. Angalia kama kosa linaingia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inagusa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Yenye kifungo kirefu zaidi pia yanaweza kuingia, mradi hakimu aone miaka 3 au chini yake inatosha. Wengi hawajui hiyo sehemu ya pili. Wizi wa ng'ombe hufika miaka 14, na bado mnaweza kuomba.

2. Omba ripoti ya probesheni, yaani maelezo ya afisa kuhusu mshtakiwa na kwao. Hakimu akiuliza kama mshtakiwa ana la kusema kabla ya hukumu, aombe msamaha kwa ufupi, kisha aiombe hiyo ripoti.

3. Jitayarisheni kwa afisa wa probesheni. Hapa ndipo kesi nyingi huharibikia. Afisa atataka kufika nyumbani, kuongea na chifu, majirani na mlalamishi, kisha amwandikie hakimu. Mpeni namba ya mtu anayeshika simu hata namba ikiwa ngeni. Si ya kijana anayezima simu akidaiwa. Nyalenda au Obunga nyumba nyingi hazina namba, kwa hivyo mtu amsubiri steji amwongoze hadi mlangoni.

Mwende kwa chifu kabla ya afisa. Chifu akiulizwa ghafla husema "simjui," na neno hilo linaandikwa. Kama kwao ni Siaya na mjini amekuja juzi, semeni mapema ili uchunguzi ufike na huko. Kama aliwahi kufungwa, msifiche: alama za vidole ziko polisi.

Mlalamishi ndiye mgumu. Nendeni mchana na mzee wa mtaa, msiende kundi zima. Akikubali fidia, iandikwe: kiasi, tarehe, sahihi, namba za vitambulisho. Mimi napenda karatasi, maana picha ya ujumbe wa simu hubishaniwa. Fidia haifuti kesi. Akikataa, mwacheni, kumsumbua ni kujitafutia kesi nyingine. Na yule wa kwenye korido anayedai "atawaonea hakimu," msimpe hata ya chai.

4. Siku ya hukumu. Fikeni mapema. Kama alikaa rumande, muda huo uhesabiwe. Ni kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai.

5. Baada ya hapo. Akipewa huduma kwa jamii, atafanya kazi ya umma bila malipo, pengine kufyeka nyasi zahanati. Akiruka siku bila ruhusa, anaweza kurudishwa kortini. Akifungwa jela, mna siku 14 za kukata rufaa. Hata aliyekubali kosa anaruhusiwa kupinga ukubwa wa adhabu, kwa hivyo mwombeni karani nakala ya hukumu siku hiyo hiyo.