Kabla hujaenda kuishi na familia Ujerumani

Jioni ya kwanza kwa wenyeji wangu, mezani palikuwa na mkate mweusi, jibini na tango lililokatwa. Nikala kipande kimoja. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama ningeongeza, nikajibu, "Hapana, asante, nimeshiba," nikingoja anisihi tena kama wafanyavyo kwetu Mombasa. Hakunisihi. Akaondoa sahani, nami nikalala na njaa. Wala hakuwa mchoyo. Kwao hapana ni hapana, na kumbembeleza aliyekwisha kataa ni kumsumbua.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kama au pair, yaani kuishi na familia na kuwasaidia kulea watoto, kabla ya sanduku jiandae kwa kusema. Kuanzia sasa, ukikaribishwa chakula na una njaa, kubali mara ya kwanza. Zoea pia kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, maana huenda mama wa watoto akakuomba hivyo siku ya kwanza. Ulimi utakuwa mzito, mimi ulinichukua wiki.

Omba kuzungumza nao kwa video zaidi ya mara moja, na uliza yale unayoona haya kuyauliza. Je, wana mbwa anayelala ndani? Kama huli nguruwe, watakupikia nini? Utaswali wapi? Nani huwaamsha watoto, na saa ngapi? Swali linaloulizwa mapema haliudhi mtu, lakini likitokea mezani ukiwa umeshafika, pande zote mbili huumia.

Mkataba usome mwenyewe, usisomewe. Kazi haifai kuzidi saa 30 kwa wiki. Posho ni euro 280 kwa mwezi, chakula na malazi ni juu yao, na chumba kiwe chako peke yako. Familia pia huchangia euro 70 kila mwezi kwa kozi ya Kijerumani, na likizo ni wiki nne kwa mwaka. Zikaririni tarakimu hizi, dada zangu, kwa sababu anayezijua hapangiwi saa 45 akadhani ndiyo desturi ya huko.

Begini weka viungo vya pilau na leso ya zawadi. Nyama na maziwa acha nyumbani, forodha ya Ulaya haiviruhusu. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, basi nunua mahitaji yako Jumamosi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: msipopatana, unaweza kutafuta familia nyingine. Muulize wakala aliyekutafutia familia, kabla ya kusafiri, ni nani utakayempigia, na namba hiyo iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti, usiiache kwenye simu pekee.