Kutoboa filimbi ya mwanzi inayoendana na vidole vya mpigaji

Filimbi inaweza kuwa na noti safi kabisa na bado ikamshinda mpigaji, kwa sababu tu vidole havifiki. Ndiyo maana napima mkono kabla ya kushika msumeno. Hapa tunatengeneza filimbi ya kupulizia ubavuni, yenye matundu 6 ya vidole.

Hatua ya 1: Pima mkono

Mpigaji aweke kiganja mezani na atanue vidole bila kujilazimisha. Pima kutoka katikati ya ncha ya kidole cha shahada hadi ya kidole cha pete.

Ukiwatengenezea watu wengi, pima wote kwa namna hiyohiyo. Unapolinganisha jamii mbili, tenga watoto na watu wazima, wanaume na wanawake. La sivyo kundi lenye watoto wengi litaonekana lina mikono midogo, kumbe tofauti ni ya umri. Wala usitoboe kwa kufuata wastani, maana karibu nusu ya watu wako chini yake. Fuata mikono midogo: vidole virefu husogea karibu bila shida, vifupi havirefuki.

Hatua ya 2: Chagua mwanzi

Uwe umekomaa, umekauka, na pingili yake ni ndefu. Acha fundo upande wa kupulizia ili lizibe.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya urefu

Chukua masafa ya noti (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani hezi), yazidishe kwa mbili, kisha gawa kasi ya sauti kwa jibu hilo. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi kasi ni takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo noti ya hezi 440 inahitaji kama sentimita 39, kuanzia tundu la kupulizia hadi mwisho ulio wazi. Filimbi yenyewe itaishia kuwa fupi kidogo, kwa kuwa hewa hutikisika hata nje ya ncha za bomba. Anza na hizo 39, kisha punguza kwa msasa huku ukisikiliza.

Hatua ya 4: Panga matundu

Hapa ndipo sauti na mkono vinapogombana. Tundu lisilofikika lisogeze kuelekea mdomoni. Noti itapanda, nawe utaishusha kwa kulifanya tundu liwe dogo. Usizidishe, kwani tundu dogo mno hutoa sauti hafifu. Kabla ya hapo, jaribu kulizungusha pembeni, nje ya mstari wa wenzake. Umbali wake kutoka mdomoni haubadiliki, noti inabaki palepale, na kidole cha pete kinapumua.

Hatua ya 5: Rekebisha noti

Puliza kwanza hadi bomba lipate joto. Nyuzi 10 zikiongezeka, noti hupanda karibu theluthi ya nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili jirani kwenye kinanda). Anza na tundu lililo mbali zaidi na mdomo, kwa kuwa matundu ya chini huathiri ya juu. Toboa dogo, panua kwa tupa ya mviringo. Noti ikiwa bado chini, kwangua ukingo unaoelekea mdomoni. Ikipitiliza, bandika nta kidogo kwenye ukingo huohuo.