Namna ya Kukokotoa Kiasi cha Vitu katika Mabadiliko ya Kikemia

Makosa mengi katika hesabu za kemia hayatokani na hesabu zenyewe, kwa kuwa kuzidisha na kugawanya mwanafunzi amekwisha kujifunza miaka mingi nyuma. Yanatokana na kusahau kwamba mlinganyo wa kikemia huhesabu chembe, ilhali mizani hupima gramu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kupotea njiani.

Kwanza hakikisha kwamba badiliko unaloshughulikia ni la kikemia kweli. Maji yanapochemka hugeuka mvuke, lakini mvuke huo bado ni maji. Magnesiamu inapoungua kwa mwanga mweupe mkali, huacha unga mweupe ambao si metali tena. Viputo, joto, mashapo na kubadilika kwa rangi ni dalili tu, wala hazitoshi peke yake, maana hata maji yanayochemka hutoa viputo. Kinachoamua ni kama kimepatikana kitu kipya.

Katika karne ya 18, mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alipima kwa uangalifu vitu vilivyobadilika ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaonyesha kwamba tungamo la jumla haliongezeki wala halipungui. Sababu yake tunaifahamu leo: atomi haziumbwi wala haziangamii katika badiliko la kikemia, bali hupangwa upya. Ndiyo maana mlinganyo ni lazima usawazishwe, yaani atomi za kila aina zilingane idadi pande zote mbili, kabla ya hesabu yoyote.

Tuchukue kuungua kwa gesi ya propani: C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O. Anza na kaboni, kwa kuwa inaonekana katika kitu kimoja tu kila upande: ziko atomi 3 kushoto, kwa hiyo weka 3 mbele ya CO₂. Hidrojeni ni 8 kushoto, kwa hiyo weka 4 mbele ya H₂O. Oksijeni iache mwisho, kwa sababu iko peke yake katika O₂ na kuirekebisha hakuvurugi kingine. Kulia sasa zipo atomi 6 katika CO₂ na 4 katika maji, jumla 10, basi O₂ huhitaji namba 5. Mlinganyo uliosawazishwa ni C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Usithubutu kugusa namba ndogo zilizo chini ya herufi. Anayegeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili atomi zilingane hajasawazisha chochote. Ameondoa maji na kuweka peroksidi ya hidrojeni, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Sasa tufike kwenye kivuko chenyewe, yaani moli. Moli ni neno la kuhesabia, kama ilivyo dazani, ila idadi yake ni kubwa mno: tangu mwaka 2019 imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Faida yake ni kwamba moli moja ya atomi za elementi fulani huwa na gramu zinazolingana na tungamo la atomi linaloandikwa katika jedwali la elementi. Moli moja ya kaboni ni gramu 12, ya magnesiamu takriban gramu 24, ya atomi za oksijeni gramu 16. Kwa molekuli unajumlisha: O₂ ni gramu 32 kwa moli, na CO₂ ni 12 + 32, yaani gramu 44.

Swali la kawaida ni hili: gramu 2.4 za magnesiamu zikiungua zote katika oksijeni, zitatoa gramu ngapi za oksidi ya magnesiamu? Mlinganyo ni 2Mg + O₂ → 2MgO. Geuza gramu kuwa moli: 2.4 ÷ 24 = 0.1. Tumia uwiano wa mlinganyo: Mg 2 hutoa MgO 2, kwa hiyo moli 0.1 hutoa moli 0.1. Kisha rudi kwenye gramu, kwa kuwa moli moja ya MgO ni 24 + 16, yaani gramu 40: 0.1 × 40 = gramu 4.0. Mlinganyo umetumika katika hatua ya katikati tu, na hapo ndipo mahali pake pekee. Jithibitishie kwa kukokotoa oksijeni, ambayo moli zake ni nusu ya zile za Mg: moli 0.05 × 32 = gramu 1.6, na 2.4 + 1.6 ni 4.0. Ningependa kila mwanafunzi azoee kufanya uthibitisho huu, kwani huchukua sekunde chache na hufichua karibu kila kosa.

Gesi hazina ugumu zaidi. Kwa joto la chumba na kanieneo ya kawaida ya hewa, moli moja ya gesi yoyote hujaza takriban lita 24. Gramu 25 za kaboneti ya kalsiamu (CaCO₃, gramu 100 kwa moli) ni moli 0.25, zikichomwa mpaka zigawanyike zote kuwa CaO na CO₂, hutoa moli 0.25 za CO₂, yaani lita 6.

Panapohitaji utulivu zaidi ni pale unapopewa kiasi cha vitu vyote viwili vinavyoingia. Changanya gramu 10 za chuma na gramu 10 za salfa, kisha upashe joto: Fe + S → FeS. Jicho huona kumi kwa kumi, na kwa kuwa mlinganyo unaonyesha moja kwa moja, wengi hujibu haraka kwamba zitapatikana gramu 20 za FeS. Lakini chuma ni 10 ÷ 56 = moli 0.179, na salfa ni 10 ÷ 32 = moli 0.313. Chuma kitakwisha kwanza, na kinachokwisha kwanza ndicho kinachoweka kikomo. FeS itakayopatikana ni 0.179 × 88, karibu gramu 15.7, na salfa itakayobaki bila kutumika ni karibu gramu 4.3. Jumla inarudi kuwa gramu 20, kama inavyopaswa.

Jibu la hesabu ndilo kiasi cha juu kabisa kinachowezekana, na maabara kwa kawaida hutoa pungufu. Katika jaribio la magnesiamu, sehemu ya unga hutoka kama moshi kila kifuniko cha chombo kinapoinuliwa ili hewa iingie, na baadhi ya metali huungana na nitrojeni ya hewa. Ukipata gramu 3.6 badala ya 4.0, gawanya kilichopatikana kwa kilichotarajiwa na uzidishe kwa 100: asilimia 90. Ikizidi 100, usishangilie. Chunguza kama zao lako bado lina unyevu, lipashe joto tena, liache lipoe, kisha ulipime upya mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane.