Laptopu Inapogoma Kuwaka: Fanya Haya Kabla ya Kupiga Windows Upya

Laptopu ikigoma, ushauri wa haraka mtaani ni mmoja: "Piga Windows," yaani isakinishe upya. Ushauri huo huharibu kazi za watu. Windows mpya haiponyi RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyolegea, haiponyi chaja mbovu wala diski inayokufa, ila hufuta mafaili. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenye ripoti ya utafiti ndani ya mashine, au mtumishi wa Mtumba, mji wa Serikali hapo Dodoma, aliyeweka kila kitu juu ya "Desktop", anahitaji kwanza mafaili yake yatoke salama. Windows inaweza kusubiri.

Kwa hiyo anza kwa kutazama mashine inakwamia wapi. Je, haina dalili yoyote ya uhai? Taa inawaka lakini kioo ni cheusi? Nembo ya kampuni inatokea kisha inalalamika haioni diski? Au Windows inaanza kupakia halafu inajizima na kurudia? Kila hatua ina chanzo chake, na ukichanganya utabadilisha kifaa kizima na kuacha kilichoharibika.

Haiwaki kabisa

Soma stika ya chaja. HP na Dell nyingi hutumia volti 19.5, Lenovo nyingi hutumia volti 20. Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu; ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Mashine iliyotengenezewa wati 65 ukiipa chaja ya wati 45 inaweza kuchaji polepole sana, au ikakataa kuchaji ukiwa unaitumia. Tazama pia ncha ya waya: chaja za HP zenye ncha ya bluu na za Dell zenye ncha ya duara zina kisindano chembamba katikati kinachoitambulisha chaja kwa laptopu. Kikipinda au kukatika, mashine inaweza kuwaka bila betri kuchaji.

Ukiwa na multimita, chaja ya ncha ya duara ni rahisi kuipima: mguso mmoja kwenye ukuta wa ndani (siyo kisindano), mwingine nje. Chaja ya USB-C usiihukumu hivyo. Yenyewe haitoi volti kamili mpaka ikubaliane na laptopu, kwa hiyo 0 au 5 kwenye multimita haimaanishi kwamba imekufa.

Chaja ikiwa nzima, toa umeme uliobaki ndani ya mashine. Chomoa chaja, flashi, mausi na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 hadi 60. Kisha chomeka chaja peke yake, bila betri, na uwashe. Laptopu yenye betri ya ndani, fungua mfuniko wa chini na uchomoe kiunganishi cha betri kwenye ubao mkuu (motherboard) kwanza. Njia hii husaidia hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, kwa sababu saketi inayosimamia umeme wa laptopu huganda katika hali isiyoeleweka mpaka ikose umeme kabisa. Umeme wa TANESCO ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke tena.

Kwa wanaotumia sola, Bahi, Chamwino au Kondoa vijijini, angalia uwezo wa inveta. Chaja ya wati 65 huvuta zaidi ya wati 65 kutoka ukutani, na inveta ndogo yenye taa na redio juu yake huishiwa nguvu wakati laptopu inapoanza kuwaka.

Taa inawaka, kioo cheusi

Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, mashine inafanya kazi. Taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa, au kebo yake. Unganisha na televisheni kwa kebo ya HDMI uhakikishe. Kama huko nako hakuna kitu, mshukiwa wa kwanza ni RAM.

Laptopu nyingi hukueleza zenyewe. Dell nyingi hupepesa taa ya betri kwa rangi mbili: chungwa mara 2 kisha nyeupe mara 3 ni kwamba RAM haikuonekana, chungwa 2 na nyeupe 4 ni kwamba RAM imeonekana lakini ina hitilafu. HP hupepesa taa ya Caps Lock. Hesabu, andika, kisha tafuta maana yake kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo hasa, maana hesabu hutofautiana kati ya modeli.

Dodoma ina adui wake hapa. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo unavuma, na vumbi jekundu huingia kila penye tundu. Hukaa kwenye feni, hukaa kwenye meno ya RAM, na mguso unakuwa hafifu. Hewa kavu ya miezi hiyo pia hujaza mwili umeme tuli, na cheche usiyoihisi inaweza kuua kijenzi cha RAM. Shika chuma kilichogusa ardhi, mathalani bomba la maji la chuma, kabla ya kugusa ndani. Usifanyie kazi juu ya zulia wala blanketi.

Utahitaji bisibisi ya nyota namba PH0, kadi ya plastiki ya kufungulia mfuniko, raba nyeupe ya kufutia penseli, na alkoholi ya isopropili. Usitumie manukato wala dawa ya kufuta rangi ya kucha.

1. Chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa kiunganishi cha betri. Panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu ndefu ikiingia pa fupi hutoboa ubao au sehemu ya kuwekea mikono.
2. Sukuma vibanio viwili vya RAM kwa nje. RAM itainuka yenyewe na kulala mshazari. Ivute taratibu.
3. Sugua meno ya dhahabu kwa raba, pande zote mbili, kisha pangusa kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Acha ikauke.
4. Irudishe kwa mshazari uleule mpaka dhahabu iwe karibu kupotea yote, ndipo uilaze hadi vibanio vilie.
5. Kama zipo mbili, jaribu moja moja, katika kila nafasi.

Ukinunua nyingine, beba ya zamani mkononi. DDR3L ni ya volti 1.35 na pini 204, DDR4 volti 1.2 na pini 260, DDR5 pini 262. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, na isiyoingia usiilazimishe. Baada ya kubadilisha RAM, mashine inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, hasa ya DDR5, ikiipima. Watu wengi huizima hapo wakidhani imekufa.

Ukiwa umeshafungua, safisha feni. Izuie isizunguke kwa kijiti cha meno unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi na upepo beringi zake huumia. Laptopu inayowaka dakika chache kisha kujizima ghafla mara nyingi imezidiwa na joto: feni imeziba, au pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Na kama saa na tarehe hurudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ndogo ya ubaoni, kwa kawaida CR2032 ya volti 3.

Nembo inatokea, diski haionekani

Ujumbe kama "No bootable device" haumaanishi kwamba Windows imefutika. Ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine: HP bonyeza F10, Dell F2, Lenovo F1 au F2, Acer F2, mara tu unapowasha. Tafuta jina la diski.

Jina halipo? Chomoa diski na uirudishe. SSD (diski isiyozunguka) ya M.2, yaani ile nyembamba kama kipande cha RAM, hulegea skrubu yake ikiondoka. Diski ya SATA hulegea kebo. Diski ya kuzunguka inayotoa sauti ya tik-tik-tik, izime papo hapo. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inakwangua mafaili yako, na kama yana thamani kubwa, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data bila kuijaribu tena.

Jina lipo? Tazama hali ya kuwaka. Windows iliyowekwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha) haitawaka BIOS ikiwekwa "Legacy" (njia ya zamani), na kinyume chake. Betri ya CR2032 ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani na mashine iliyokuwa nzima jana inagoma leo. Hivyo hivyo kwa mpangilio wa diski: ukihamisha kutoka RAID kwenda AHCI (namna mbili za mashine kuwasiliana na diski) bila maandalizi, Windows hukwama na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Piga picha ukurasa kwa simu kabla ya kugusa, na badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Okoa mafaili sasa

Fanya hivi kabla ya ukarabati wowote wa Windows. Kwenye kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Ubuntu au Linux Mint kwa programu ya Rufus. Gigabaiti 8 zinatosha. Washa laptopu kutoka kwenye flashi (F9 kwa HP, F12 kwa Dell, Lenovo na Acer), chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua diski ya Windows, ingia folda ya Users, na unakili yaliyomo kwenye diski ya nje. Anza na madogo yenye thamani: ripoti, hesabu, picha za familia. Filamu ziwe za mwisho.

Ikiomba ufunguo wa BitLocker, diski imefungwa kwa siri, jambo la kawaida kwenye Windows 11. Ufunguo ni wa tarakimu 48. Kwa mashine binafsi, ingia kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kupitia aka.ms/myrecoverykey. Kwa mashine ya ofisi, kitengo cha TEHAMA ndicho cha kuulizwa. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayefungua, na anayeahidi kufungua anakudanganya.

Windows inaanza kisha inakwama

Iwashe, na duara la Windows likianza kuzunguka izime kwa kushikilia kitufe. Baada ya kukatizwa hivyo mara mbili au tatu, itaingia yenyewe kwenye ukurasa wa ukarabati. Fuata "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Jaribu kwa mpangilio huu: "Startup Repair", halafu "Uninstall Updates" kama tatizo lilianza baada ya sasisho, halafu "System Restore". Hii ya mwisho haigusi nyaraka zako, ila huondoa programu na draiva zilizowekwa baada ya tarehe unayorudia.

Zikishindwa, fungua "Command Prompt". Herufi za diski hapo huweza kubadilika, kwa hiyo andika `diskpart` kisha `list volume` uone Windows iko wapi, halafu `exit`. Ikiwa iko C:

`chkdsk C: /f`
`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

Usitumie `/r` kwenye diski unayoishuku kabla ya kunakili mafaili, kwa sababu hupekua diski nzima na kuimaliza.

Kama faili za kuwashia ndizo zilizoharibika, rudi `diskpart`, tambua sehemu ndogo ya FAT32 ya megabaiti 100 au zaidi kidogo kwenye diski ya ndani (siyo flashi), ichague kwa `select volume` na namba yake, andika `assign letter=S`, `exit`, kisha:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

"Reset" inapokataa

Ukijaribu "Reset", yaani kurudisha Windows kama mpya, ujumbe "There was a problem resetting your PC" hutokea kwa sababu chache: faili za ukarabati zimeharibika, nafasi haitoshi, au diski ina sehemu mbovu. Ukichagua "Cloud download" badala ya "Local reinstall", Windows hupakuliwa upya, zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo pima bando kwanza. Chomeka chaja na betri iwe na akiba ya kutosha. Umeme ukikatika katikati na betri ikiwa mbovu, utabaki na mfumo nusu.

Ikikataa tena, achana nayo, weka Windows kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM gigabaiti 4 na diski ya 64, masharti ambayo laptopu nyingi za mtumba hazitimizi. Kwa hizo, Linux Mint ni chaguo zuri kuliko Windows iliyochakachuliwa.

Kisakinishi kisipoona diski kwenye mashine mpya za Intel, kinahitaji draiva ya Intel Rapid Storage. Ipakue ukurasa wa modeli yako, ifungue ndani ya flashi, ubonyeze "Load driver". Kikikwama asilimia ileile kila mara, pima diski kabla ya kulaumu flashi: iunganishe na kompyuta nyingine, na programu ya CrystalDiskInfo ikionyesha njano au nyekundu, nunua SSD.

Mfumo mpya ukishawaka, fungua "Create a restore point" na uwashe ulinzi kwa diski C, kwani mara nyingi huja umezimwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `reagentc /info`; ikisema "Disabled", andika `reagentc /enable`. Kisha nakili ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi na uuweke mbali na begi la laptopu.