Treni ya Matofali ya Plastiki: Ijenge Ipite Kona, Ionyeshe Kutwa Nzima

Treni ya matofali ya LEGO hupimwa na kona. Ikiwa imesimama mezani, karibu kila kichwa cha treni hupendeza. Ikianza kuzunguka kwa saa nane mfululizo mbele ya watu, hapo ndipo kasoro za ujenzi hujitokeza: bogi (zile fremu ndogo za magurudumu zinazozunguka chini ya behewa) zinazokwama, viungo vinavyoachia, mabehewa yanayogonga nguzo za stesheni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi au kuhesabu madirisha, anza na vipimo.

Vipimo vinavyoamua kila kitu

Kinundu, yaani ile nundu ndogo inayoshika tofali la juu yake, hukaa milimita 8 kutoka kinundu cha jirani, ukipima katikati hadi katikati. Tofali lina kimo cha milimita 9.6. Kibao chembamba ni theluthi ya tofali, milimita 3.2. Kipande cha reli iliyonyooka kina urefu wa vinundu 16, sawa na milimita 128, na mataruma yake yana upana wa vinundu 8. Kona ya kawaida ina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani milimita 320 hadi katikati ya njia, na vipande 16 hufunga duara.

Nafasi kati ya reli mbili ni takriban milimita 37.5. Njia ya kweli ya kipimo cha kimataifa ina milimita 1,435, hivyo ukifuata reli peke yake treni yako imepunguzwa mara 38. Shida ni kwamba behewa la kweli lenye upana wa mita 3, likipunguzwa mara 38, linakuwa na upana wa karibu vinundu 10, na kwenye kona ya kawaida halitaacha nafasi ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana wajenzi wengi wa maonyesho huchagua upana wa vinundu 8, ambao ni kama kupunguza mara 47, huku seti nyingi za dukani zikiwa na vinundu 6. Kwa meza kubwa chagua 8. Kwa meza ndogo iliyojaa kona za kawaida, 6 bado ni uamuzi wa busara. Usichanganye upana huo katika treni moja, kwa sababu hata mtoto ataona kuna kitu hakiko sawa.

Hesabu ya kona

Behewa refu likiingia kwenye kona, tumbo lake huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje. Kiasi hicho unaweza kukijua kabla hujaunganisha tofali hata moja. Pima umbali kati ya vitovu vya bogi mbili kwa vinundu, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara 8 ya nusu kipenyo. Behewa lenye bogi zilizoachana vinundu 24 kwenye kona ya 40: 576 gawanya kwa 320, tumbo linaingia ndani vinundu 1.8. Kwa ncha, chukua urefu wote wa behewa uzidishwe kwa wenyewe, toa ile 576, ugawe vilevile. Behewa la vinundu 38 linatoa ncha nje kwa vinundu 2.7.

Behewa la upana wa 8 lina vinundu 4 kila upande wa katikati ya njia. Jumlisha: litahitaji vinundu 5.8 upande wa ndani na 6.7 upande wa nje. Acha 8 pande zote mbili, maana pembe za behewa huongeza kidogo na treni huyumba. Jukwaa la abiria linalokaribia reli lijengwe kwenye sehemu iliyonyooka tu, na lianze angalau urefu wa behewa moja baada ya kona.

Ukisogeza bogi kuelekea ncha, ncha hutulia lakini tumbo huzidi kuingia. Pande mbili hulingana pale umbali kati ya bogi unapokuwa kama asilimia 70 ya urefu wa behewa. Kwa behewa la 38, hiyo ni 27, na kila upande unapata kama vinundu 2.3. Huo ndio mwanzo mzuri wa mchoro wowote.

Kona pana hupunguza tatizo zima. Kampuni nyingine hutengeneza kona za nusu kipenyo cha 56, 72, 88 na 104 zinazoshikana na reli za LEGO. Lile behewa la kwanza, kwenye kona ya 104, linaingia ndani vinundu 0.7 tu na kutoa ncha nje kama kinundu 1. Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu cha kuboresha maonyesho yako, nunua kona pana kabla ya mota ya pili.

Bogi na viungo

Bogi nzuri inazunguka bila kubanwa na inaruhusu magurudumu manne kugusa reli kwa wakati mmoja hata reli ikiwa na kasoro. Njia rahisi ya kufanikisha hilo: bogi moja iweze kuinama mbele na nyuma tu, na ya pili iweze kuyumba pia kushoto na kulia. Behewa linakuwa limekaa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakichezi hata sakafu ikiwa na mashimo. Bogi zote mbili zikikazwa bila mchezo, gurudumu moja litabaki hewani kwenye kiungo kibovu cha reli, na hapo ndipo behewa huacha njia.

Kwa kitovu, pini ya Technic (jamii ya vipande vya LEGO vyenye matundu na pini) inayopita katika tundu lenye nafasi ni bora kuliko kibao cha kuzungukia chenye vinundu 2 kwa 2. Kile kibao hukaza uzito ukizidi. Zungushia pini vigae, yaani vibao laini visivyo na vinundu, ili sakafu ya behewa iteleze juu yake.

Tumia magurudumu yenye ekseli ya chuma. Ya plastiki tupu yana msuguano mkubwa, na msuguano huo hujumlishwa behewa kwa behewa mpaka mota ishindwe. Jaribu kila behewa peke yake: liweke kwenye ubao wenye reli, inua upande mmoja taratibu, uone linaanza kubingirika kwenye mwinuko gani. Lile linalochelewa kuliko wenzake lina kosa: kwa kawaida ni unywele uliojisokota kwenye ekseli, gurudumu linalosugua fremu ya bogi, au tofali lililokaa vibaya.

Kiungo cha sumaku kifungwe kwenye bogi, kisifungwe kwenye mwili wa behewa. Kikifungwa kwenye mwili, ncha inayotoka nje ya kona inakivuta pembeni na kulipindua behewa linalofuata. Acha pia nafasi ya vinundu 3 au 4 kati ya mabehewa, kisha pitisha jozi moja kwa mkono kwenye kona ya kawaida na uangalie kama pembe za ndani zinagusana.

Mpangilio wa uzito watu husahau. Kiungo cha kwanza nyuma ya kichwa hubeba mvuto wa treni nzima, hivyo behewa jepesi likikaa hapo huvutwa kuelekea ndani ya kona na kulala. Mazito mbele, mepesi nyuma. Behewa tupu la mizigo liongezewe matofali sakafuni, chini kabisa iwezekanavyo.

Kichwa cha treni

Mota ya treni inafanya kazi ya bogi: ina ekseli mbili, na kwenye mifumo ya betri magurudumu yake yana pete za mpira. Nguvu yake haina faida kama haina uzito wa kuikandamiza kwenye reli, kwa hiyo kisanduku cha betri kikae juu ya mota, kisikae katikati ya kichwa wala kwenye behewa la nyuma. Magurudumu yakiteleza wakati mota inanguruma, ongeza uzito au safisha mpira. Yakisimama kabisa na mota kupata joto, punguza mabehewa au ongeza mota ya pili. Ukiweka mota mbili, zielekeze upande mmoja. Moja ikigeuzwa, zitashindana, isipokuwa umegeuza mwelekeo wake kwa nyaya au kwa programu.

Waya ndiyo adui mkubwa wa mota. Ukibanwa kati ya bogi na sakafu, bogi hairudi katikati baada ya kona, na treni itaacha reli mahali palepale kila mzunguko. Upitishe juu ya kitovu na uache ulegee kidogo.

Kichwa cha mvuke kina sheria zake. Ekseli tatu au nne zenye magurudumu makubwa hazitapita kona ya 40 kama zote zina ukingo (ule mdomo wa gurudumu unaolizuia lisitoke kwenye reli), hivyo za katikati ziwe na magurudumu yasiyo na ukingo. Fito za pembeni, zinazounganisha magurudumu hayo, zipishane robo mzunguko kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Zikiwekwa sawasawa, kuna pembe ambapo fito zote mbili zimelala na haziwezi kusukuma, na mashine hukwama hapo.

Umeme

Mifumo mitatu bado inaonekana kwenye maonyesho. Ule wa volti 9, ulioanza 1991, hupeleka umeme kwenye reli za chuma. Treni haina betri, nayo inaweza kukimbia kutwa. Kwenye njia ndefu unganisha umeme mahali pawili au zaidi, la sivyo treni itapunguza mwendo upande wa mbali. Usijenge kitanzi kinachoirudisha treni kwenye njia ileile ikitazama ilikotoka, kwa sababu reli chanya inakutana na hasi. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa huondoa tabaka la chuma.

Power Functions hutumia miale isiyoonekana kutoka kwenye rimoti. Ina chaneli 4 zenye sehemu mbili za kuchomekea mota kila moja, kwa hiyo treni 8 ndizo kikomo. Kipokezi lazima kionekane kutoka juu, na jua kali au handaki hukatiza amri. Chagua rimoti ya kuzungusha, ambayo treni hushika mwendo wake hata ukiiachia. Powered Up, iliyokuja 2018, hutumia Bluetooth, hivyo kipokezi kinaweza kufichwa ndani ya kichwa. Kisanduku chake cha treni hula betri 6 za AAA. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo treni itakwenda polepole kidogo, jambo lisilo na hasara yoyote. Jenga paa linalofunguka kwa mkono mmoja, maana utabadilisha betri watu wakiwa wanakutazama.

Njia na meza

Duara dogo kabisa lina kipenyo cha vinundu 80 katikati ya njia. Ukijumlisha ncha za behewa la 38, unahitaji karibu sentimita 75. Ongeza sentimita 15 kila upande kati ya treni na ukingo wa meza: kichwa cha treni kikianguka kutoka kimo cha meza, utaokota vipande mamia. Kwa hiyo meza isipungue upana wa sentimita 105. Chora mpango kwanza kwa BlueBrick, programu ya bure inayojua vipimo vya reli.

Mahali meza mbili zinapokutana ndipo treni nyingi huachia njia. Sawazisha miguu, kaza meza kwa kibano, na uache kipande kimoja cha reli kikae juu ya kiungo hicho bila kushikizwa chini. Kiwekwe mwisho. Kama mnaonyesha kwa kikundi, kubalianeni mapema kimo cha reli kutoka mezani na umbali wa njia ya kwanza kutoka ukingoni. Tofauti ya kibao kimoja inatosha kuharibu asubuhi nzima.

Mwinuko usizidi kibao kimoja kwa kila kipande cha reli, yaani asilimia 2.5. Daraja la kimo cha matofali 12 litahitaji vipande 36, zaidi ya mita 4.6 za kupanda. Kama meza haina urefu huo, acha daraja. Vilevile, usiunganishe swichi ya kubadilisha njia moja kwa moja na kona inayopinda upande wa pili. Weka walau kipande kimoja kilichonyooka katikati, na usiisukume treni kinyumenyume kupita hapo.

Siku yenyewe

Kizuizi kiwe angalau sentimita 70 kutoka mezani, mbali na mkono wa mtoto. Endesha polepole: treni ya kweli ya kilomita 80 kwa saa, ikipunguzwa mara 47, ni sentimita 47 kwa sekunde, zaidi kidogo ya vipande vitatu na nusu vya reli. Mwendo huo unafanya treni ionekane nzito, na unapunguza ajali.

Uwe na treni mbili kwa kila njia, moja ikikimbia na nyingine ikipoa kwenye njia ya pembeni. Chini ya meza weka betri zilizochajiwa, mota moja ya akiba, jozi nne za magurudumu, viungo vya sumaku, kibano kidogo cha kutoa nywele kwenye ekseli, na kitambaa. Behewa likiacha reli mara mbili mahali pamoja, kagua reli. Likiacha mahali tofauti, kagua behewa. Usilirudishe tu na kuendelea.

Wakati wa kufunga, vichwa vitoke kwanza, betri zitolewe, na kila behewa lilale kwenye sponji katika sanduku lake, magurudumu yakiwa juu. Sanduku lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani: plastiki hupinda kwa joto, na bogi iliyopinda hainyooki tena.